Unatapika Safarini? Tumbo Halina Kosa

"Anayetapika garini ana tumbo bovu."

Dhana hii ni kongwe, na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Ugomvi uko kwingine. Ndani kabisa ya sikio mna mirija mitatu midogo yenye majimaji, inayouarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka, na vifuko viwili vinavyohisi chombo kikiongeza mwendo, kikifunga breki, kikipanda au kushuka. Sasa inamia simu ndani ya basi: sikio linasema tunakata kona, macho yanasema tumetulia tuli. Ubongo ukishindwa kupatanisha habari hizo, wewe unaanza kupiga miayo, mate yanajaa mdomoni, kijasho chembamba kinakutoka, kisha kichefuchefu. Watu ambao viungo hivyo vya sikio vimekufa pande zote mbili hawapatwi na haya hata bahari ichafuke vipi. Vipofu hupatwa.

Na harufu ya petroli? Inazidisha tu.

"Ni kudeka."

Mwambie hivyo Horatio Nelson, amiri jeshi wa majini wa Uingereza. Alianza kazi ya baharini mwaka 1771 akiwa na miaka 12, na hata uzeeni mwa kazi yake bado alikuwa akiugua upepo ukivuma kwa nguvu. Wanaanga nao, wengi wao huugua siku za mwanzo huko juu. Wanaosumbuka zaidi ni watoto wa kati ya miaka 2 na 12, wajawazito, na wenye kipandauso. Mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra.

"Usile kitu kabla ya safari."

Tumbo tupu si kinga. Kula kidogo, chakula chepesi. Acha mafuta mengi na pombe.

"Dawa utameza ukianza kujisikia vibaya."

Hapo umeshachelewa. Kichefuchefu kikianza, tumbo huzembea kusukuma vitu kwenda kwenye utumbo, hivyo kidonge hukaa tu humo, au hurudi kilikotoka. Dawa kama sinarizini, ambayo ni ya jamii ya dawa za mzio, humezwa kabla ya kuondoka. Wala si kila dawa ya mzio itafaa: zile mpya zisizoleta usingizi hazisaidii hapa, kwa kuwa haziingii vya kutosha kwenye ubongo. Zinazofaa husinzisha, kwa hiyo dereva asiziguse, na za watoto aulizwe mfamasia kwanza. Tangawizi huwasaidia baadhi, ila ushahidi wake haujakaa sawa.

Kinachosaidia bila senti ni kiti. Garini kaa mbele, utazame mbali barabarani. Melini kaa katikati, kwenye ndege karibu na bawa. Usipoona nje, egemeza kichwa kisichezecheze, ufumbe macho. Dereva huugua mara chache kwa sababu anaijua kona kabla haijafika. Kwa hiyo kama una leseni, na hujameza kidonge, omba usukani.