Karatasi ya zambarau ni ya wapiga kura wote

Kila uchaguzi mkuu wa Kenya ukikaribia, nasikia wanaume wakisema Mwakilishi wa Wanawake huchaguliwa na akina mama pekee. Si kweli, na inaniuma, maana kura zao zinapotea bure.

Kituoni unapewa karatasi sita. Ya kijani ni ya mbunge wa eneo bunge lako, ya zambarau ni ya Mwakilishi wa Wanawake. Zote unazitia alama, uwe mume au mke. Katiba ya 2010, Kifungu cha 97, inambana mgombea tu: lazima awe mwanamke.

Wengine hudhani anakwenda Seneti kwa kuwa anachaguliwa na kaunti nzima. La, anaketi Bunge la Kitaifa pamoja na wabunge 290 wa maeneo bunge. Wawakilishi hawa ni 47, mmoja kila kaunti. Wabunge wa kuteuliwa ni 12, na siku hizi si rais anayewateua: vyama hugawana nafasi hizo kulingana na idadi ya viti vilivyoshinda.

Katika karatasi hizo mbili, ya kijani na ya zambarau, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Sharti la kuvuka nusu ya kura ni la rais peke yake.