Kwa nini akiba ya uzeeni huisha kabla ya siku tuliyoipigia hesabu?

Je, wajua kwamba kugawanya akiba kwa matumizi, hesabu ambayo karibu kila mstaafu huianzia, hutoa jibu sahihi pale tu ambapo faida ya akiba inalingana na kasi ya kupanda kwa bei?

Tuchukue mfano wa mzee aliyefanya kazi katika bandari ya Kilindini, Mombasa, hadi akatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma nchini Kenya tangu mwaka 2009, uliposogezwa kutoka 55. Ameketi barazani kwake Majengo na daftari mkononi. Akiba yake yote, pamoja na kiinua mgongo, ni shilingi 3,600,000, na nyumba yake inatumia shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Anagawanya, anapata miaka 10, anafunga daftari.

Alichokisahau ni kwamba nazi na unga anaonunua katika soko la Marikiti havitabaki kwenye bei ya leo. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka, ikiruhusu upande au ushuke kwa 2.5. Tukikadiria asilimia 6, na mzee awe amezifungia fedha zake sandukuni, basi maisha yale yale ya shilingi 30,000 yatamgharimu takriban 45,000 kwa mwezi katika mwaka wa 8, na mwaka wa 9 utakapoanza atakuta mmebaki kama shilingi 37,000, ambazo hazimfikishi hata mwisho wa mwezi.

Sasa tuseme fedha hizo ziko mahali zinapozaa asilimia 9 kwa mwaka baada ya kodi, iwe ni hati fungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa wananchi na kuilipia riba, au, kwa wale wasiokula riba, ambao mjini kwetu ni wengi, uwekezaji unaofuata sharia ya Kiislamu. Kinachomfaa mzee si ile 9 nzima, bali kile kinachobaki baada ya bei kula sehemu yake, yaani 1.09 ikigawanywa kwa 1.06, ambayo ni takriban asilimia 2.8. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kinaifikisha akiba miaka 11 na nusu. Naye akiweza kupunguza matumizi hadi 20,000 kwa mwezi, itafika miaka 19. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye nguvu kubwa zaidi, kwa sababu faida hupangwa na soko, ilhali matumizi, kwa kiasi fulani, hupangwa na mwenyewe.

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipima historia ya hisa na hati fungani za nchi yake, akaona kwamba mstaafu aliyechukua asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, angeweza kuishi nayo walau miaka 30. Kwa mzee wetu hiyo ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Kipimo hicho kilikatwa kwa masoko ya Marekani, kwa hiyo kinatufaa kama tahadhari tu; lakini urefu wa miaka 30 si wa kupuuzwa, kwani wastani wa umri wa kuishi unaotangazwa huhesabu hata waliofariki wakiwa wachanga, na aliyekwisha kufika 60 ana matarajio ya kuupita.

Yanabaki matumizi ya ghafla. Harusi ya binti na paa la nyumba vikichukua shilingi 600,000 mwaka ule wa kwanza, miaka 11 na nusu inashuka hadi 9 na miezi 4. Fedha hizo ni matumizi ya miezi 20, lakini mzee amepoteza takriban miezi 26, kwa kuwa zimetoka mapema, zikaondoka na faida ambayo zingezaa.