Umeshindwa kesi ya deni? Usizime simu

Kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria kinachotuuma zaidi ni hiki, mtu anatufikia mali ishapakiwa. Juzi kati alikuja mama mmoja fundi cherehani, alishindwa kesi ya mkopo akazima simu karibu miezi mitatu, asubuhi moja akakuta kirikuu imepaki mlangoni, dalali wa mahakama kashika karatasi, na cherehani inabebwa huku gauni la mteja bado limebanwa kwenye sindano.

Ile cherehani haikutakiwa kuguswa kabisa! Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inakataza kukamata nguo za kuvaa, vitanda na matandiko, vyombo vya kupikia, zana za fundi, zana za mkulima, hata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake (kama uliiweka rehani benki hayo mambo mengine kabisa). TV na sofa zinabebwa, na hela za akaunti zinaweza kushikiliwa. Kwahiyo dalali akija usigombane nae, muombe amri ya mahakama, soma namba ya kesi, jina na kiasi. Akibeba friji ya dada yako, dada mwenyewe ndo awahi mahakamani kupinga kabla haijauzwa.

Alafu watu wanadhani ukikata rufaa basi umesimamisha kila kitu, hapana, kusimamisha utekelezaji wa hukumu unaomba mahakamani kwa maombi mengine tofauti na rufaa.

Kama huna hela yote mtafute mdai mapema mkubaliane kulipa kidogo kidogo, mkikubaliana mahakama inaweza kutoa amri ya kulipa kwa awamu. Na hapa nasisitiza sana jamani, ukimlipa pembeni hata kwa simu hakikisha malipo yanaingizwa kwenye kumbukumbu za mahakama, maana yasipoingizwa mahakama inayokazia hukumu (yaani inayosimamia utekelezaji wake) haiyatambui na unaweza kudaiwa tena hela uliyokwisha kulipa.

Jela ya madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni uliloamriwa na mahakama, ipo, haizidi miezi 6, na anayeomba ufungwe ndo analipia chakula chako. Ila ukitoka deni bado lipo palepale, na kama huna uwezo kweli waeleze mahakama ukiwa na ushahidi.

Yule mama tulimuandikia maombi siku ileile, cherehani ikarudi. Saivi analipa elfu 50 kila mwezi, na kila risiti anatuletea tuitoe kopi iende kwenye faili.