Je, Wajua? Kwa Nini Nasaba Moja Huwa na Mfalme, Mhunzi na Mtengeneza Pombe

Mwaka 2016, kipindi kimoja cha BBC kilionyesha kwamba mwigizaji Danny Dyer, aliyekulia mashariki mwa London katika familia ya kawaida, ni mzao wa Mfalme Edward III, aliyefariki mwaka 1377. Katika nasaba hiyo hiyo yumo Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry VIII, ambaye baba yake alikuwa mhunzi na mtengeneza pombe kule Putney. Cromwell ndiye aliyeagiza mwaka 1538 kwamba kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi, kwa hiyo anayemtafuta leo hupekua madaftari yaliyoanzishwa kwa amri yake mwenyewe.

Wengi huona jambo hili kuwa ajabu kwa sababu huhesabu nasaba kwa mstari mmoja: baba, babu, baba wa babu. Kwa hesabu hiyo, vizazi 10 ni watu 10, na mtu hutarajia wote wawe wa hali moja, pengine hata wa kazi moja. Lakini kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, na katika kizazi cha 10 nafasi za wahenga hufika 1,024. Jina la ukoo hufuata nafasi moja tu kati ya hizo. Zilizobaki hazina sababu yoyote ya kufanana nayo kwa jina, mali wala kazi. Wala kumpata mfalme hakuthibitishi kwamba familia ilikuwa ya kitajiri ikaanguka.

Tukirudi vizazi 22, yaani kama miaka 660, nafasi hizo ni 4,194,304, ilhali mwaka 1377 England ilikuwa na watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2.5, wakiwemo wasioacha watoto. Tazama mwaa mmoja, yaani ukindu wa kusukia, uliotiwa rangi katika ukili wa mkeka: huzama chini ya mingine, huibuka mbele kidogo, kisha huzama tena, na anayehesabu kila doa la rangi kuwa mwaa mwingine atapata idadi kubwa kuliko ya miyaa iliyosukwa. Ndivyo mhenga mmoja anavyojaza nafasi nyingi. Mfalme Alfonso XII wa Hispania, ambaye wazazi wake walikuwa binamu kwa upande wa baba na wa mama pia, kwa kumbukumbu rasmi alikuwa na watu 4 tu katika kizazi cha wazazi wa mababu na mabibi, mahali ambapo wengi wetu tuna 8.

Damu ya kifalme ilishuka kwa wachuuzi na vibarua kwa njia ya kawaida kabisa: ardhi na cheo vilikwenda kwa mwana wa kwanza, wadogo zake wakatafuta riziki kwingine, na mabinti wakaolewa ngazi moja chini, kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo, dai kwamba karibu kila Mwingereza mwenye asili ya huko ni mzao wa Edward III ni la hesabu za uwezekano, zinazotegemea jinsi watu walivyooana nje ya kijiji na tabaka lao. Wachache tu wanaweza kulithibitisha kwa maandishi. Tena baba aliyeandikwa si lazima awe ndiye aliyezaa, na mhenga wa zamani hivyo huenda hakuacha hata kipande cha DNA kwa mzao wake wa leo.

Orodha ya kazi za wahenga nayo ina upungufu wake. Tangu mwaka 1837, daftari la ndoa la England na Wales liliandika kazi za baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi. Mama zao hawakuwa na nafasi humo, hata ya jina, hadi Mei 2021.