Je, wajua kwa nini konekta ya faiba husifiwa kwa 0.2 na pia kwa 60?

Ukishika karatasi ya vipimo ya konekta ya faiba, yaani kichomeo cha kuungia uzi wa kioo unaobeba mawasiliano kwa mwanga, ile yenye kichwa cha kijani, utakuta namba mbili zinazokaa jirani. Ya kwanza inasema mwanga unapopita hapo hupungua kwa desibeli 0.2. Ya pili inataja upotevu wa mwanga unaorudi, nayo imeandikwa desibeli 60. Zote mbili zinaitwa upotevu na zote hupimwa kwa desibeli. Sasa mbona upande mmoja mtengenezaji anajivunia namba ndogo, na upande wa pili anajivunia kubwa?

Ni kwa sababu namba hizo hazipimi mwanga mmoja. Ya kwanza inahusu mwanga tunaotaka uvuke ng'ambo, kwa hiyo ukipotea kidogo tu tunafurahi. Ya pili inahusu mwanga uliogonga kwenye maungio na kugeuka nyuma kuelekea leza ulikotoka. Huo hatuutaki hata kidogo, na kadiri unavyofifia ndivyo namba yake inavyopanda.

Desibeli yenyewe si ngumu kama inavyosikika. Kila desibeli 10 zinabakiza sehemu moja ya kumi ya mwanga, na desibeli 3 zinabakiza takribani nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 0.2 maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 95 ya mwanga imevuka salama. Desibeli 60 maana yake ni kwamba kilichorudi ni sehemu moja tu katika milioni. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hasara zinajumlishwa tu, hakuna kuzidisha sehemu kwa sehemu. Fundi anaweza kukokotoa njia nzima kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Teknolojia yote hii ilianza na namba moja ya aina hiyo. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba uzi wa kioo ungeweza kubeba mawasiliano endapo upotevu wake ungeshuka chini ya desibeli 20 kwa kilometa. Yaani baada ya kilometa moja ibaki walau asilimia 1 ya mwanga. Leo tunaiona kama hasara ya kutisha, lakini kioo cha wakati ule kilikuwa kibaya kupita kiasi. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning nchini Marekani walivuka mstari huo. Uzi wa siku hizi hupoteza takribani desibeli 0.2 tu kwa kilometa, ukitumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Asilimia 1 ile ile sasa inabaki baada ya kilometa 100! Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, na kwangu mimi ni mojawapo ya tuzo zilizostahili kuliko zote.

Uzi ukishakuwa safi kiasi hicho, mahali pa kuogopa panahamia kwenye maungio. Hebu tusogee karibu na ncha ya konekta. Katikati ya kijiti cheupe cha kauri kuna uzi wa kioo wenye kipenyo cha maikromita 125, na ndani yake kiini kinachobeba mwanga, ambacho ni kama maikromita 9 tu. Chembe moja ya vumbi, ambayo macho hayaioni kabisa, inatosha kuziba kiini chote. Ndiyo maana fundi makini haunganishi kitu kabla ya kukisafisha na kukitazama kwa hadubini maalumu. (Hadubini hiyo hutumika pale tu leza imezimwa. Mwanga wa faiba hauonekani, ila jicho unaliharibu.)

Sasa mwanga unarudije nyuma? Kila unapotoka kwenye kioo kuingia hewani, karibu asilimia 4 hugeuka, sawa na desibeli 14 hivi. Kwa hiyo ncha za konekta husuguliwa zikawa na mviringo kidogo, ili vioo viwili vigusane na hewa ikose nafasi. Konekta hizo huitwa UPC, mara nyingi ni za bluu, na hufikia desibeli 50. Zile za kijani, APC, ncha yake imesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8. Mwanga unaogonga mshazari huo haurudi kwenye kiini, unapotelea pembeni. Ukichomeka ya kijani kwenye ya bluu, vioo havigusani sawasawa, na hasara inaruka mara moja. Nalisisitiza hili kwa sababu ni kosa jepesi mno kulifanya, na mwanga unaorudi huifanya leza iyumbe na kuingiza kelele kwenye mawimbi.

Kwenye spliti, kifaa kinachogawa mwanga kwa wateja wengi, hasara nyingine si kasoro. Kugawa kwa 32 lazima kupoteze desibeli 15, hata kifaa kiwe bora namna gani. Spliti nzuri hufika kama 17. Kinachopimwa hasa ni ile ziada, na kama matawi yote 32 yanapata mgawo unaolingana.

Weka hayo yote kwenye njia moja. Mtandao wa GPON, yaani wa faiba moja inayogawiwa wateja wengi kwa spliti, ukiwa wa daraja la B+ unaruhusu hasara isiyozidi desibeli 28. Spliti inachukua 17. Kilometa 20 za uzi, kwa 0.35 kila kilometa kwenye nanomita 1310, zinachukua 7. Konekta nne za 0.3 ni 1.2, na maungio kumi ya kuyeyusha, yale ambayo ncha mbili za kioo huyeyushwa zikawa uzi mmoja, ya 0.05 ni 0.5. Jumla 25.7. Umebakiwa na 2.3, na konekta moja chafu inaweza kuimaliza akiba hiyo yote.

Vipo vipimo vingine, kama mtawanyiko, ambao hutanua mapigo ya mwanga hadi yaanze kuingiliana. Huo huanza kuuma kwenye safari ndefu na kasi kubwa. Kwenye njia fupi, adui wa kila siku ni mkunjo, nao una alama yake. Fundi hupima uzi ule ule kwa nanomita 1310, kisha 1550. Kwa kawaida 1550 ndiyo hupotea kidogo. Ikigeuka, 1550 ikawa ndiyo inayopotea zaidi, anajua kwamba kuna mahali kebo imekunjwa mno, na anaanza kuitafuta kona hiyo.