Friza haiponyi diski

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu ya Unguja na Pemba: kompyuta ikigandaganda na diski yake ya kuhifadhia faili ikigonga, itie diski hiyo kwenye friza usiku kucha, faili zitarudi. Si kweli, tafadhali usiusambaze.

Kwa unyevu wetu wa pwani, diski iliyotoka kwenye baridi hutoa jasho kama chupa ya soda, na maji yakifika kwenye sahani zake za ndani zinazohifadhi data huziharibu. SSD, aina ya diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina hata sahani.

Mbona wengine huapa imewafaa? Huenda waya ulikuwa umelegea, wakauchomeka upya. Sifa ikapewa friza.

Nakili faili muhimu kwanza. Kisha soma ripoti ya SMART, yaani taarifa ya diski kuhusu afya yake: sekta mbovu (vipande vya diski visivyosomeka vizuri) zikizidi kuongezeka, nunua diski nyengine.