Maudhi ya tiba ya homoni baada ya kukoma hedhi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wako wanawake wanaoanza tiba ya homoni, yaani dawa za estrojeni na projesteroni, homoni za kike ambazo mwili hupunguza kuzitengeneza hedhi ikikoma, kwa sababu joto la ghafla na jasho la usiku vimewachosha, kisha wanaitupa baada ya wiki chache tu. Joto limepungua kweli, ila sasa matiti yanauma, tumbo limejaa, na damu waliyodhani wameagana nayo imerudi. Hapo kila jirani huwa daktari. Mengi ya wanayoambiwa yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni vigumu kuyapuuza.

"Ukipata maudhi, ujue dawa imekukataa."

Si lazima. Matiti kujaa, kichefuchefu, kichwa kuuma, misuli ya miguu kukaza na tumbo kujaa ni mambo ya kawaida mwanzoni, na mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya miezi 3 hivi. Kidonge kinacholeta kichefuchefu kimezwe na chakula, au usiku kabla ya kulala. Miezi hiyo ikipita bila nafuu, daktari ana mengi ya kujaribu kabla ya kusimamisha tiba: kupunguza dozi, kubadili aina ya homoni, au kubadili njia ya kuiingiza mwilini. Mwenye kipandauso, kwa mfano, mara nyingi huelewana zaidi na bandiko la ngozini, kwa kuwa homoni yake huingia polepole bila kupanda na kushuka.

Bandiko nalo lina kero zake. Ngozi huweza kuwasha, kwa hiyo libandikwe chini ya kitovu au kwenye tako, likihamishwa kila linapobadilishwa, na lisibandikwe kwenye titi. Anayetumia jeli aiache ikauke kabla ya kuvaa, anawe mikono, na asimruhusu mtoto kugusa sehemu aliyopaka.

"Projesteroni ndiyo inayonivuruga. Nitaiacha, nibaki na estrojeni."

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote, kwa sababu anayelisema mara nyingi amejichunguza vizuri. Ni kweli kwamba hasira za ghafla, huzuni, usingizi mzito na tumbo kujaa vinaweza kuletwa na projesteroni, au na dawa za kutengenezwa zinazofanya kazi kama yake. Kosa liko kwenye uamuzi. Estrojeni ikiwa peke yake hukuza utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, na utando huo ukiachwa unenepe miezi na miaka, hatari ya saratani hupanda. Projesteroni imewekwa pale ili kuuzuia. Anayeweza kutumia estrojeni bila mwenzake, kwa kawaida, ni yule aliyekwisha kutolewa kizazi. Krimu au vidonge vya ukeni vya dozi ndogo, vinavyotumika kwa ukavu, ni jambo jingine: homoni inayofika kwenye damu ni kidogo sana, na havihitaji projesteroni.

Basi anayevurugwa afanyeje? Amweleze daktari kwa maneno hayohayo. Kuna projesteroni yenye umbo sawa na ile ya mwilini, ambayo humezwa wakati wa kulala. Inaleta usingizi, na kwa aliyekuwa akikesha hiyo ni faida. Kuna pia kitanzi chenye homoni, kinachoulinda mfuko wa uzazi kikiwa ndani yake, huku kiasi kidogo tu kikifika sehemu nyingine za mwili.

"Damu ikirudi, ujana umerudi."

Damu hii haimaanishi kwamba mayai yameanza kukomaa upya. Kuna mpango wa dawa ambao projesteroni hutumika siku kadhaa tu za mwezi, na huo huleta damu kila mwezi. Mpango wa kutumia homoni zote mbili kila siku huweza kuleta matone yasiyo na ratiba katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Yakiendelea baada ya hapo, au damu ikianza tena baada ya kukatika kabisa, uchunguzi unahitajika, hata kama ni matone tu.

Na kwa kuwa tumegusa mayai: tiba hii haizuii mimba. Ambaye hedhi yake haijakoma sawasawa bado anahitaji uzazi wa mpango.

"Homoni zinanenepesha."

Tafiti hazijaonyesha hivyo. Umri wenyewe huongeza uzito, na kukoma hedhi huyahamishia mafuta tumboni. Homoni inaweza kumfanya mtu ajae maji kidogo, basi.

"Homoni ni saratani."

Hofu hii ina tarehe. Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha mapema sehemu iliyokuwa ikijaribu homoni mbili kwa pamoja. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wakati wengi hukoma hedhi wakiwa na miaka 45 hadi 55. Saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8 hivi katika kila 10,000 kwa mwaka. Ni hatari ya kweli, na hukua kadiri miaka ya matumizi inavyozidi, lakini ni ndogo kuliko uvumi uliofuata. Kwa waliotolewa kizazi na kupewa estrojeni pekee, ongezeko hilo halikuonekana. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi tiba hii.

Ajabu ni kwamba damu kuganda huzungumzwa kidogo zaidi. Estrojeni ya kumeza hupitia kwenye ini na kuongeza uwezekano huo. Ile ya bandiko au jeli, kwa dozi za kawaida, haijaonekana kuuongeza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usisubiri miezi 3: nenda hospitali saa hiyohiyo.

"Ukianza, huwezi kuacha."

Unaweza, kwa mara moja au kwa kupunguza dozi kidogo kidogo. Njia ya pili hupunguza uwezekano wa joto kurudi kwa kishindo mwanzoni, ingawa baada ya muda tofauti huisha. Ukavu wa ukeni ndio hurudi na kubaki, na kwa huo ile krimu ya dozi ndogo inaweza kuendelea hata baada ya mengine yote kusimamishwa.